Magwiji wa besiboli wanapofariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mara mchezaji mkubwa wa zamani anapofariki Marekani, mashabiki wapya, wengi wao waliolelewa na mpira wa miguu, hushangaa wanavyoona watu wa besiboli wanavyoomboleza, na maswali yao huwa yaleyale. Anayejibu hapa ni shabiki tu, si msemaji wa ligi, kwa hiyo msishangae kukuta maoni yangu humu.

Maneno machache kwanza. Homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio wa uwanja. Hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama. Mrushaji ndiye anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kumtupia mpigaji mpira. Gongo ni la kupigia, si la kunywa.

Kwa nini watu wazima wanamlilia mzee wa miaka 93 ambaye hajacheza kwa nusu karne?

Kwa sababu besiboli huchezwa karibu kila siku. Timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na hapo mtoano haujahesabiwa. Mchezaji wa namna hiyo huingia nyumbani kwako kwa njia ya redio jioni baada ya jioni, mama akiwa jikoni na baba akiwa kibarazani, mpaka jina lake linakuwa moja ya kelele za nyumba, kama kengele ya baiskeli ya muuza maziwa. Ukikua unahama, unaoa, unazika. Jina lile linabaki palepale ulipoliacha.

Siku akifariki, wasikilize mashabiki wanavyozungumza. Sentensi ya kwanza huwa na jina la mchezaji. Ya pili huanza na "baba yangu", au "babu", au "marehemu kaka". Sijawahi kuona ikikosa. Mzee wa miaka 93 amekula chumvi yake na hakuna anayedai ameonewa. Kinacholiliwa ni kibaraza kile na aliyekuwa amekaa pale.

Ni nini kilitokea Birmingham mwezi Juni 2024?

Hili huulizwa kuliko yote, na ni haki yake, maana lingeandikwa kwenye riwaya tungesema mwandishi amezidisha.

Willie Mays alizaliwa Alabama mwaka 1931. Mwaka 1948, akiwa na miaka 17, alichezea Birmingham Black Barons, timu ya ligi ya Weusi, ya enzi ambazo ligi kuu iliwafungia Weusi nje, kwenye uwanja wa Rickwood Field. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1910 na ndio mkongwe kuliko viwanja vyote vya besiboli ya kulipwa Marekani. Baadaye akaenda Giants, New York kisha San Francisco, akapiga homurani 660, na kwenye fainali ya 1954 akaudaka mpira akiwa anakimbia huku ameupa mgongo uwanja. Wengi bado wanauita udakaji bora kuliko wote.

Ligi kuu ilipanga mechi ya heshima ichezwe Rickwood tarehe 20 Juni 2024, Giants dhidi ya St. Louis Cardinals, kwa ajili ya Mays na wenzake wa ligi za Weusi. Siku tatu kabla, Mays akatangaza kwamba hataweza kusafiri, ataitazama akiwa nyumbani. Kesho yake alasiri, tarehe 18, akafariki. Habari ilipofika Birmingham, uwanjani palepale kulikuwa na mechi ya ligi ndogo inaendelea. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakaliita jina lake.

Mechi ya heshima ikageuka kuwa matanga. Mpira wa kufungulia ulirushwa na Mchungaji Bill Greason, mwenye miaka 99, aliyewahi kucheza na Mays katika Black Barons. Wachezaji walivaa jezi za timu za Weusi za zamani, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu waamuzi wote wa mechi walikuwa Weusi. Cardinals walishinda 6–5, na hakuna aliyeonekana kujali sana. Kule San Francisco maua yalirundikana kwenye sanamu yake nje ya uwanja, mahali ambapo anwani yenyewe ni namba 24 Willie Mays Plaza, na miti ya jamii ya mnazi iliyopandwa hapo ni 24.

Kwa nini 24? Kwa nini kila kitu kwenu ni namba?

Kwa sababu mgongo ndio shabiki wa jukwaani anaouona. Mays alivaa 24, basi 24 ni Mays. Klabu ikitaka kumuenzi mchezaji moja kwa moja, huistaafisha jezi yake, asiivae mtu mwingine. Wa kwanza kufanyiwa hivyo alikuwa Lou Gehrig wa Yankees, namba 4, aliyecheza mechi 2,130 mfululizo kabla ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu kumtoa uwanjani mwaka 1939. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, na tangu 2021 ligi nzima huiadhimisha tarehe hiyo.

Namba 42 ya Jackie Robinson imestaafishwa na ligi nzima, tangu 1997. Yeye ndiye aliyevunja ubaguzi wa rangi wa ligi kuu ya zama zetu alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kila tarehe hiyo inaporudi, kila mchezaji wa kila timu huvaa 42. Mgeni akiwasha televisheni siku hiyo atadhani mitambo imeharibika.

Halafu kuna namba za shabiki mwenyewe, ambazo hakuna klabu iliyozipanga. Hank Aaron, aliyevaa 44, alifariki tarehe 22 Januari 2021. Klabu yake ya Atlanta Braves ilichora 44 kubwa kwenye nyasi za uwanja. Mwaka huohuo walishinda mechi 44 kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu, wakashinda nyingine 44 baada ya mapumziko, kisha wakatwaa ubingwa wa World Series, yaani fainali ya ligi kuu, katika wiki ya 44 ya mwaka. Mimi si mtu wa ramli. Lakini nakiri nilihesabu mara mbili.

Klabu hufanya nini habari ikitoka?

Bendera hushushwa nusu mlingoti. Kabla ya mechi watu husimama kimya, picha zake zikipita kwenye skrini kubwa. Wachezaji huvaa kitambaa cheusi au beji yenye namba yake kwenye mkono wa jezi, mara nyingi hadi msimu uishe. Kama yumo katika Jumba la Umaarufu, makumbusho ya magwiji yaliyoko Cooperstown, jimbo la New York, shada la maua huwekwa kwenye bamba lake la shaba.

Hayo ni ya kawaida, na ukiyaona mara kumi unayazoea. Ya kukumbukwa ni yale yanayobuniwa na watu wenyewe. Tom Seaver, mrushaji wa New York Mets, alikuwa akishuka chini sana anaporusha, hata goti lake la kulia likaburuza udongo, na kila mechi aliimaliza suruali ikiwa na doa palepale. Alifariki tarehe 31 Agosti 2020. Siku chache baadaye wachezaji wa Mets waliingia uwanjani wakiwa wamejipaka udongo kwenye goti la kulia. Jukwaa lilikuwa tupu kwa sababu ya korona. Anayeijua besiboli hakuhitaji mtangazaji amweleze.

Ni kweli mwaka 2020 ulikuwa mbaya kuliko kawaida?

Ni kweli. Kati ya Aprili 2020 na Januari 2021 walifariki wanachama kumi wa Jumba la Umaarufu: Al Kaline, Tom Seaver, Lou Brock, Bob Gibson, Whitey Ford, Joe Morgan, Phil Niekro, Tommy Lasorda, Don Sutton na Hank Aaron. Watano kati yao, kuanzia Seaver hadi Morgan, waliondoka ndani ya wiki sita. Mashabiki wa St. Louis walimpoteza Brock tarehe 6 Septemba na Gibson tarehe 2 Oktoba, watu wawili waliobeba timu moja katika miaka ya 1960.

Kilichouma zaidi ni kwamba hapakuwa na mahali pa kukusanyika. Msiba bila watu si msiba. Mashabiki walibaki kila mtu na simu yake, wakitumiana picha za kadi za zamani, zile zenye sura za wachezaji.

Na akifariki wakati ambapo hakuna mechi?

Hutokea mara nyingi, maana majira ya baridi ni marefu na wazee hawayapendi. Ernie Banks wa Chicago Cubs alifariki Januari 2015, baridi kali, uwanja umefungwa. Basi sanamu yake ililetwa Daley Plaza, katikati ya jiji, ili watu wapate pa kuagia. Watu wakaja na makoti yao mazito wakaisimamia.

Rickey Henderson yeye alifariki tarehe 20 Desemba 2024, siku tano kabla ya kutimiza miaka 66. Aliiba vituo 1,406, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe, rekodi ambayo sioni wa kuigusa, vikiwemo 130 katika msimu mmoja wa 1982. Alikulia Oakland, akaichezea Oakland kwa vipindi vinne, na uwanja wa Coliseum ulipewa jina lake. Lakini timu ilikuwa imecheza mechi yake ya mwisho pale tarehe 26 Septemba mwaka huohuo, kisha ikahama. Kwa hiyo ndani ya miezi mitatu watu wa Oakland walizika timu, kisha wakamzika mtu aliyekuwa ndiyo timu yenyewe.

Fernando Valenzuela hakuwa katika Jumba la Umaarufu. Mbona Los Angeles ililia vile?

Kwa sababu Jumba la Umaarufu hupigiwa kura na watu wengine, na Valenzuela alikuwa mtu wa Los Angeles. Alitoka Etchohuaquila, kijiji cha Sonora, Mexico. Mwaka 1981, akiwa na miaka 20, alianza msimu na Dodgers kwa kushinda mechi nane za kwanza alizoanza, tano kati ya hizo wapinzani wakiambulia sifuri. Mwisho wa msimu akachukua tuzo ya mchezaji bora chipukizi na ya mrushaji bora kwa pamoja. Hakuna mwingine aliyewahi kuzipata zote mbili mwaka mmoja.

Ila ili kuelewa kilio hicho unahitaji kujua uwanja umesimama wapi. Familia nyingi zenye asili ya Mexico ziliishi katika bonde la Chavez Ravine na zikaondolewa miaka ya 1950, wa mwisho wakitolewa kwa nguvu. Uwanja wa Dodgers ukafunguliwa pale mwaka 1962. Kuna nyumba ambazo jina la Dodgers halikutajwa kwa karibu miaka ishirini. Kijana mnene kidogo, asiyejua Kiingereza, anayetazama mbinguni kabla ya kuachia mpira, ndiye aliyewarudisha watu hao uwanjani.

Alifariki tarehe 22 Oktoba 2024, siku tatu kabla ya Dodgers kuanza fainali dhidi ya Yankees. Kwenye mechi ya kwanza hakuna aliyerusha mpira wa kufungulia. Mpira uliwekwa tu juu ya kilima cha mrushaji, karibu na namba ya jezi yake, 34, iliyochorwa pale, ukaachwa. Dodgers walitwaa ubingwa, na gwaride likapita mitaani tarehe 1 Novemba, siku ambayo Valenzuela angetimiza miaka 64.

Roberto Clemente hakuwa amestaafu alipofariki. Kwa nini yumo katika kila kumbukumbu?

Sawa, hakuwa amestaafu, na kwa ukali wa maneno hapaswi kuwa kwenye ukurasa huu. Lakini jaribu kuwaambia hivyo watu wa Puerto Rico au wa Pittsburgh.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko liliibomoa Managua, Nicaragua. Clemente, mzaliwa wa Carolina, Puerto Rico, alikusanya misaada, kisha akasikia kwamba iliyotangulia haiwafikii walengwa, akaamua kuipeleka mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba ndege iliyojazwa kupita kiasi ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan. Alikuwa na miaka 38. Mwili wake haukupatikana. Hiti zake zilikuwa 3,000 kamili, ya mwisho ikiwa ya tarehe 30 Septemba. Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka mitano kabla ya kupigiwa kura. Yeye aliingizwa Jumba la Umaarufu mwaka uliofuata.

Asiye na kaburi hutafutiwa mahali. Pittsburgh ina daraja la manjano lenye jina lake, na siku za mechi hufungwa kwa magari ili mashabiki walivuke kwa miguu hadi uwanjani. Ukuta wa kulia wa uwanja una urefu wa futi 21, namba yake. Kila tarehe 15 Septemba ligi humkumbuka, na tuzo ya mchezaji anayesaidia jamii ina jina lake. Ukiniuliza mimi, daraja ndiyo kumbukumbu bora kuliko zote, kwa sababu watu hulitumia.

Je, mchezaji aliyefungiwa naye huombolezwa?

Pete Rose alipiga hiti 4,256, nyingi kuliko mtu yeyote. Mwaka 1989 alifungiwa maisha kwa kuchezea kamari mechi za besiboli, zikiwemo za timu aliyokuwa akiifundisha. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 83, bado amefungiwa. Cincinnati, mji alikozaliwa, ulimuaga uwanjani kwa saa 14 mfululizo, kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 14.

Mei 2025 ligi iliamua kwamba adhabu ya maisha huisha mtu anapokufa. Uamuzi huo ulimfungulia Rose mlango wa kujadiliwa, pamoja na Joe Jackson, aliyefungiwa kwa kashfa ya kuuza fainali ya 1919 na kufariki mwaka 1951. Wapo waliofurahi, wapo waliokasirika. Kwangu mimi inanikera kidogo: kama alistahili, angesamehewa akiwa na masikio ya kusikia. Kama hakustahili, mauti hayakumbadilisha tabia.

Na kuna kundi la tatu ambalo hukaa kimya siku hiyo, kwa sababu mambo mengine aliyotuhumiwa nayo hayahusiani na kamari wala uwanja. Waachwe. Hakuna anayelazimishwa kuhani.

Wachezaji wa ligi za Weusi wanakumbukwaje, ikiwa hawakuwahi kuonekana kwenye televisheni?

Kwa kuchelewa, na kwa kazi ya mikono.

Josh Gibson alikuwa mpigaji mwenye nguvu za kutisha. Alifariki tarehe 20 Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kufunguliwa mlango. Alizikwa Pittsburgh, na kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi mwaka 1975. Mei 2024, ligi kuu ilipoziunganisha takwimu za ligi za Weusi na zake, Gibson aligeuka kuwa mwenye wastani wa juu wa kupiga (hiti kwa kila zamu ya kupiga) katika historia yote, .372, akimpita Ty Cobb, aliyekuwa akiishikilia rekodi hiyo. Miaka 77 baada ya kuzikwa, mtu anavunja rekodi.

Kadi au sanamu ni jambo dogo kwa hawa. Wengi hawakuwa hata na jina juu ya udongo. Jimmie Crutchfield, aliyecheza na Gibson katika Pittsburgh Crawfords, alifariki mwaka 1993 akazikwa makaburi ya Burr Oak, nje kidogo ya Chicago. Daktari mmoja wa usingizi kutoka Illinois, ambaye ukoo wake ulitoka mji uleule wa Missouri alikozaliwa Crutchfield, aligundua kwamba kaburi halina alama. Akachangisha, jiwe likawekwa mwaka 2004, na kwa wakati huohuo wengine wawili waliozikwa palepale wakawekewa yao. Kazi haikuishia hapo. Mradi huo umeshaweka mawe kwa makumi ya wachezaji katika majimbo mbalimbali, kwa pesa za mashabiki. Watu wake hupekua daftari la makaburi, hupata namba ya shimo, hupima, hupiga magoti, huchimba.

Buck O'Neil naye aliishi hadi miaka 94 akisimulia habari za wenzake waliosahauliwa. Mwaka 2006 watu 17 wa ligi hizo waliingizwa Jumba la Umaarufu, yeye akaachwa nje, na bado akasimama jukwaani kuwazungumzia. Alifariki Oktoba mwaka huo. Aliingizwa 2022. Kwenye uwanja wa Kansas City kuna kiti chekundu kimoja katikati ya viti vya buluu, na kila mechi hukaliwa na mtu aliyependekezwa kwa wema aliowatendea wengine.

Na wale wachezaji wadogo, waliocheza mechi chache tu?

Hapa ndipo mashabiki wa besiboli wanapojitofautisha. Kuna chama cha watafiti wa mchezo huu, SABR, kilichoanzishwa Cooperstown mwaka 1971, na wanachama wake wengi ni watu wa kawaida: walimu, mawakili, wastaafu wa posta. Tangu 2002 wanaandika wasifu wa wachezaji, maelfu sasa, wakubwa kwa wadogo. Wengine hutumia likizo nzima wakitafuta tarehe ya kifo ya mtu aliyecheza wiki mbili mwaka 1890.

Archibald Graham aliingia uwanjani mara moja tu katika ligi kuu, tarehe 29 Juni 1905, akiwa na New York Giants. Hakupata hata zamu ya kushika gongo. Akaenda kuwa daktari Chisholm, Minnesota, kwa miongo kadhaa, akafariki mwaka 1965. Leo anajulikana kuliko wengi waliocheza miaka kumi.

Mtaani kuna mchezo usio na jina rasmi. Watu wanakaa, mmoja anataja mchezaji wa kawaida tu wa miaka ya 1980 ambaye hakuna aliyemfikiria kwa muda mrefu. Wote wanacheka, "Loo, yule!" Mwingine anataja wake. Hakuna mshindi. Mara nyingine mtu huitazama simu yake akanyamaza, kisha anasema, "Kumbe alifariki mwaka jana."

Chanzo cha kifo huzungumzwa waziwazi?

Inategemea familia. Kisa kilichobadilisha jambo ni cha Tony Gwynn wa San Diego, hiti 3,141, misimu 20 na klabu moja. Alifariki tarehe 16 Juni 2014, akiwa na miaka 54, kwa saratani ya tezi za mate, na yeye mwenyewe aliamini imetokana na tumbaku aliyoitafuna miaka yote ya kucheza. Mwishoni mwa 2016 makubaliano mapya ya ligi na wachezaji yaliwapiga marufuku wanaoingia ligi kuu kwa mara ya kwanza kutumia tumbaku hiyo uwanjani.

Nimeona mtu anauza kadi za marehemu siku ileile. Ni adabu?

Bei hupanda siku hiyo, hilo halizuiliki. Adabu si. Subiri azikwe.

Nitajuaje kama habari ya kifo ni ya kweli?

Subiri klabu au familia itoe tamko. Angalia pia majina yanayofanana. Januari 2023 alifariki Frank Thomas mwenye miaka 93, aliyecheza Pittsburgh na Mets. Kuna Frank Thomas mwingine, aliyezaliwa 1968, aliyetamba na Chicago White Sox. Tanzia za haraka zinaweza kumzika asiyekufa.

Ni Wamarekani tu wanaofanya haya?

La. Shigeo Nagashima, aliyependwa Japani kuliko mchezaji yeyote, alifariki tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka 89. Jezi yake ilikuwa namba 3, na tarehe ilikuwa ya 3. Wajapani waliliona hilo kabla ya kuambiwa. Magazeti yalitoa matoleo ya dharura yakagawiwa barabarani.

Na Mjapani mwingine ndiye aliyeonyesha heshima ninayoipenda kuliko zote. George Sisler aliweka rekodi ya hiti 257 katika msimu wa 1920. Ichiro Suzuki aliivunja mwaka 2004 kwa hiti 262. Mwaka 2009, alipokwenda St. Louis kwa mechi ya nyota wa ligi, Ichiro alilitafuta kaburi la Sisler akapeleka maua. Sisler alifariki mwaka 1973, mwaka aliozaliwa Ichiro.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaingiaje hapa?

Kwa usingizi, kwanza. Mechi ya saa moja jioni New York ni saa nane usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kwa hiyo tanzia nyingi hutukuta asubuhi, tukiwa tumeshapitwa na kilio cha kwanza.

Mchezo wenyewe bado ni mchanga kwetu. Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya vijana ya Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na Tanzania Wajapani wamesaidia kuufundisha mashuleni. Wazee wa kuzikwa na mchezo huu hatujawa nao. Kwa sasa tunahudhuria misiba ya watu.

Nikienda kaburini, nibebe nini?

Mpira. Ndiyo desturi. Kaburi la Babe Ruth liko Hawthorne, kaskazini ya jiji la New York, na utakuta mipira, kofia, magongo madogo na hata chupa za bia, maana mwenyewe hakuwa mtawa. Alipofariki Agosti 1948, mwili uliwekwa kwenye uwanja wa Yankees na makumi ya maelfu wakapita kumuaga. Kwa Jackie Robinson, makaburi ya Cypress Hills, Brooklyn, watu huacha mipira wakiwa wameiandika kwa kalamu. Usichukue kilichoachwa na mwingine, hata kama kina saini.

Shabiki mwenyewe akifariki, nani anamkumbuka?

Chicago Cubs walikaa miaka 108 bila ubingwa. Walipoupata, tarehe 2 Novemba 2016, Ernie Banks alikuwa ameshatangulia, na pamoja naye vizazi vya watu waliosubiri wakachoka. Siku zilizofuata mashabiki walikwenda na chaki kwenye kuta za matofali za Wrigley Field wakaandika majina. Majina ya wachezaji yalikuwa machache. Walikuwa baba, bibi, wajomba, pamoja na mwaka aliozaliwa mtu na mwaka aliofariki. Kuta zilijaa mpaka walioandika wakabebana mabegani kufika juu.

Na usiku wa mechi ya saba ya fainali, ile iliyoleta ubingwa, mwanamume mmoja aliendesha gari mamia ya maili hadi kaburi la baba yake. Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba Cubs wakifika fainali wataisikiliza pamoja. Akaweka kiti kwenye nyasi, akawasha matangazo, wakasikiliza.